Kabla ya Getembe Kuwa Mji: Ngome za Wagusii kutoka Mwamba wa Manga hadi Boma la Bosongo

Mwulize mwanafunzi yeyote wa jijini akutajie ngome ya kale. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: Fort Jesus. Akiwa mpenzi wa vitabu, huenda akakuongezea Akka, ule mji wa bandari ulio kwenye pwani ya mashariki ya Bahari ya Mediterania. Atakueleza jinsi Wapiganaji wa Msalaba walivyouteka, Saladin akautwaa mwaka 1187, ukachukuliwa tena mwaka 1191 na hatimaye ukawaponyoka kabisa mwaka 1291. Hatasahau kukuambia kwamba Napoleon mwenyewe aliuzingira mwaka 1799 kwa muda wa miezi miwili, akashindwa na kuta zake, akarudi alikotoka.

Sasa mwulize kuhusu ngome za kwao, kule alikozaliwa babu yake. Hapo ndipo utakapomwona akijikuna kichwa.

Nisiwacheke watoto wa wenyewe. Likizo moja ya Desemba tulikuwa ndani ya matatu, mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, tukielekea nyumbani Kisii. Tulikuwa tumepita Narok, Bomet na Sotik, na sasa gari lilikuwa likipanda kuelekea Keroka katikati ya mashamba ya majani chai. Binti yangu, aliye gredi ya saba, alikuwa na kitabu chake cha historia mapajani.

“Baba,” akaniuliza, “Mombasa kuna Fort Jesus na Lamu kuna ngome. Na kwetu je?”

“Kwetu hakukuwa na ngome,” nikamjibu bila kufikiri. “Sisi tulikuwa wakulima na wafugaji.”

Jibu hilo lilinitoka kwa urahisi, na huenda lingebaki hivyo hadi leo kama binti yangu asingelirudia mbele ya mama yangu jioni ile, tukiwa tumezunguka moto jikoni. Mama aliiweka chini sufuria ya chai, akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

“Nani alikudanganya?” akaniuliza. “Unafikiri hii nyumba ya baba yako imesimama juu ya nini?”

MSINGI WA NYUMBA

Msomaji mpendwa, nyumba ya baba yangu imesimama juu ya ukuta wa kale. Nyuma ya migomba kulikuwa na safu ya mawe yaliyopangwa kuzunguka kilima, ambayo wazee waliiita orwaki, yaani ukuta wa boma. Baba alipojenga nyumba ya mabati, yeye na ndugu zake waliyachukua mawe yale wakayaweka kwenye msingi. Mawe yalikuwa karibu, yalikuwa ya bure na hapakuwa na aliyeyataka. Yaliyobaki ni machache, yamefunikwa na majani ya viazi vitamu. Mimi nimeyakanyaga mawe hayo tangu utotoni nikikimbiza ndama, na sikuwahi kuuliza ni ya nini.

Kuuliza si ujinga. Kesho yake tulianza kuuliza, na safari hiyo ilituchukua siku tano. Makala haya ni matunda yake, nikiyaongezea yale ambayo wanahistoria wameyaandika. Yasomeni pamoja nyumbani, wazazi na watoto, kisha nendeni mkajionee wenyewe.

Kwanza tujiulize: kwa nini Wagusii walihitaji ngome?

Kwa mujibu wa simulizi za wazee, mababu wa Wagusii walitokea upande wa Mlima Elgon, wakateremka hadi nchi ya Kano karibu na ziwa. Kutoka huko walisogea hadi Kabianga, ambako sasa ni nchi ya Wakipsigis. Kabianga kuliwatesa. Baridi ilikuwa kali, mimea ikaharibika na mifugo ikafa. Walitawanyika, baadhi yao wakafika hadi nyanda za Trans Mara, na hatimaye wakapanda milima hii ya Kisii na Nyamira ambayo leo ni makao ya Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Bonchari na Mugirango zote mbili.

Nchi waliyoipata ilikuwa nzuri mno. Mvua hainyimi, udongo una rutuba na chemchemi zinabubujika kila bonde. Lakini nchi nzuri haikosi wenye kuitamani. Upande wa kusini walikuwapo Wamaasai wa Siria, upande wa mashariki Wakipsigis, na upande wa magharibi na kaskazini Waluo. Majirani hao walifanya biashara na Wagusii na kuoana nao. Msimu wa amani, majembe na nafaka vilibadilishwa kwa mifugo. Msimu wa vita, ng'ombe walichukuliwa usiku.

Ng'ombe ndiye aliyekuwa mali, mahari na heshima ya ukoo. Basi anayelinda ng'ombe analinda ukoo, na ndiyo sababu historia ya ngome za Wagusii ni historia ya maboma ya ng'ombe.

MWAMBA WA MANGA

Ngome ya kwanza haikujengwa na binadamu. Ukiwa Kisii mjini, tazama upande wa kaskazini. Utaona ukuta mrefu wa mwamba umesimama kana kwamba mlima ulikatwa kwa panga. Huo ndio Manga, ambao siku hizi uko katika kaunti ya Nyamira.

Tulipanda asubuhi, umande ungali kwenye nyasi. Juu kabisa upepo ulitupokea kwa nguvu hata mwanangu mdogo akashika sketi ya mama yake. Chini yetu nchi ilitandazwa kama mkeka: migomba, mashamba ya mahindi, paa za mabati, na kwa mbali tambarare za Kano na maji ya ziwa yaking'aa. Siku isiyo na ukungu, wenyeji hukuonyesha Kisumu kwa kidole.

“Sasa nimeelewa,” binti yangu akasema. “Adui angeonekana kabla hajafika.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliyekaa Manga aliona vumbi la adui mapema, na upande wa jabali hapakuwa na njia ya kumshambulia. Katika karne ya 19, vita vilipowasambaratisha Wagusii wengine, watu wa Kitutu walioishi kuizunguka Manga walisimama imara. Wakimbizi wa koo nyingine walifika kwao wakiomba hifadhi, wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Waliitwa abamenyi, yaani waliokuja kuishi. Wengi walikaa moja kwa moja, na hiyo ni moja kati ya sababu zilizoifanya Kitutu kuwa kubwa na yenye nguvu.

Fikirini jambo hilo. Miji mingi yenye kuta tunayoisoma ilijulikana kwa waliofungiwa nje, na Manga ilijulikana kwa waliokaribishwa ndani.

Juu ya Manga lipo pia shimo. Wazee husimulia kwamba zamani sauti zilisikika kutoka ndani yake, na watu walizisikiliza ili wajue ikiwa mwaka utakuwa wa neema au wa shida. Watoto wangu walilala kifudifudi wakatega masikio. Mdogo alidai kwamba amesikia ngoma. Kaka yake alisema ni tumbo lake linalodai chakula.

VIJANA WA EGESARATE

Ngome ya pili ilijengwa kwa mikono. Iliitwa egesarate, na zikiwa nyingi ni ebisarate.

Hili lilikuwa boma la ng'ombe lililowekwa mbali na nyumba za familia, penye malisho na mara nyingi kuelekea mpaka wa adui. Waliokaa humo ni vijana wa kiume ambao hawajaoa. Walilisha ng'ombe mchana na kuwalinda usiku, wakiwa na mikuki na ngao karibu. Boma lilizungushiwa uzio mnene, na penye mawe paliwekwa ukuta wa mawe. Mlango ulikuwa mwembamba na uliweza kuzibwa haraka.

Egesarate ilikuwa kambi ya jeshi na shule kwa pamoja. Kijana alijifunza humo kutambua ng'ombe mgonjwa, kutunza zamu, kumtii mkubwa na kutokimbia wenzake wakati wa hatari. Mama na dada walipeleka chakula. Mambo yakichacha, mbiu ilipigwa kutoka kilima hadi kilima na koo jirani zikaja kusaidia.

Nguvu ya mpango huo ilionekana karibu na mwaka 1890, katika vita ambavyo Wagusii huviita vya Saosao, kandokando ya mto Charachani ulio Nyamira. Wakipsigis walikuja kwa wingi kuchukua ng'ombe, wakashindwa vibaya. Hata leo wazee wa pande zote mbili hukumbuka kwamba hiyo haikuwa siku ya kawaida. Nilipomweleza mwanangu, aliuliza ni nani aliyekuwa mbaya katika vita hivyo. Nilimwambia kwamba kila upande ulikuwa na mama zake waliolia. Ni vizuri historia ya ujasiri ifunzwe pamoja na historia ya machozi, hasa siku hizi ambapo mpaka wa Sotik na Borabu unahitaji majirani wanaosalimiana.

Ebisarate hazikubomolewa na adui wa zamani. Zilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni, na kufikia mwaka 1913 vijana walikuwa wamerudishwa kwa baba zao. Mzungu hakutaka kuona vijana wenye silaha wakikaa pamoja. Aliyeivunja egesarate alikuwa amevunja jeshi la Wagusii bila kufyatua risasi.

Lakini kabla ya kufika hapo, risasi nyingi zilikuwa zimekwisha kufyatuliwa.

MGENI NJOO

Mwezi wa Septemba 1905 Waingereza walituma kikosi cha askari wa KAR kuiadhibu nchi ya Kisii. Mikuki ilikutana na bunduki ya rashasha, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Hapo ndipo Wagusii walipogundua kwamba uzio wa miti na ukuta wa mawe haukuweza tena kuwakinga.

Wakati huo makao ya serikali katika eneo hili yalikuwa Karungu, kwenye ufuo wa ziwa. Mwaka 1907 serikali iliyahamishia milimani, mahali palipoitwa Getembe. Ofisa aliyetumwa alikuwa kijana wa Kiingereza aitwaye Geoffry Northcote. Wagusii hawakuweza kulitamka jina hilo, wakamwita Nyarigoti. Mahali alipokaa pakaitwa Bosongo, yaani kwa Wazungu. Hadi leo mji wa Kisii una majina hayo matatu, na mwenyeji akikuambia anakwenda Getembe au Bosongo, mnakwenda mahali pamoja.

Angalieni neno lenyewe. Wenyeji na Waswahili waliokuja na serikali waliiita kambi hiyo boma. Boma la Mzungu lilikuwa na ofisi, bendera, jela na askari. Lile la zamani lilijengwa ili ng'ombe wasitoke. Hili jipya lilijengwa ili ng'ombe waletwe, kwa kuwa kodi ya nyumba ilitakiwa na asiyelipa alichukuliwa mifugo.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu hakumponya mwenyeji.

Januari 1908, Northcote alikuwa akirejea na ng'ombe aliowatwaa kwa nguvu alipovamiwa njiani. Kijana wa Kitutu aliyeitwa Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki. Inasimuliwa kwamba aliyemtia moyo ni Moraa, mke wa Ngiti, mganga na mwonaji aliyemlea. Moraa aliwaambia wanaume kwamba ikiwa wameogopa kuwakabili wageni, basi wawaachie wanawake silaha.

Northcote alijeruhiwa lakini akapona. Nchi ya Kisii ndiyo iliyougua. Askari wa KAR walirudi, vijiji vikachomwa, watu wengi wakauawa na maelfu ya ng'ombe yakaswagwa. Mauaji hayo yalikuwa makubwa hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu wa waziri wa makoloni huko London, aliandika kuyalalamikia.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Simulizi ya wazee inasema alipigwa risasi hadharani karibu na pale palipo leo uwanja wa Gusii Stadium, na kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Familia na wazee wameendelea kudai mabaki yake yarudishwe, ili mtoto wao azikwe kama watu wengine. Kwa Mgusii, kaburi liko nyumbani. Mtu asiyezikwa kwao ni kama mtu ambaye bado yuko njiani.

Na Nyarigoti je? Huyo alipanda cheo. Kati ya miaka 1937 na 1941 alikuwa gavana wa Hong Kong, mji mwingine wa bandari ulio mbali sana na Manga. Huko jina lake lilipewa chuo cha walimu. Jina la Otenyo linaishi midomoni mwa watu wake.

Tulisimama nje ya uwanja ule Jumamosi moja, mashabiki wa Shabana wakiingia na vuvuzela zao. Binti yangu aliwatazama kwa muda, kisha akauliza, “Hawa wote wanajua?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeingia uwanja huo mara nyingi kutazama mpira bila kufikiria hata dakika moja juu ya Otenyo.

SIKU WAZUNGU WALIPOPIGANA WAO KWA WAO

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, nchi ambayo sasa ni Tanzania bara ilikuwa koloni la Ujerumani. Mapema Septemba kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika, kikiongozwa na Kapteni Bock von Wülfingen, kilivuka mpaka. Maofisa wa Kiingereza walikimbia na Wajerumani wakaingia Getembe.

Tarehe 12 Septemba kikosi cha KAR kikiongozwa na Kapteni Thorne kiliwashambulia. Milio ya bunduki ilisikika mchana kutwa kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Thorne aliuawa. Wajerumani nao walipata hasara kubwa, na usiku ulipoingia wakaanza kurudi nyuma kuelekea mpakani. Vita vya Getembe vilikwisha kwa siku moja.

Kwa wenyeji lililokuwa limetokea ni la ajabu. Wazungu waliosema wamekuja kukomesha vita walikuwa wakiuana mbele ya macho yao, na boma lilikuwa limeachwa wazi. Wengi waliamini kwamba utawala wa wageni umekwisha. Walikumbuka maneno ya Sakawa, yule mwonaji mashuhuri wa Kitutu aliyetoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Inasimuliwa kwamba Sakawa alitembea Getembe kabla ya kuwapo jengo hata moja, akaonyesha kwa mkono wake mahali patakapokuwa na hospitali, kituo cha polisi na jela. Alitabiri kuja kwa wageni, na wafuasi wake waliamini pia kwamba siku moja wageni hao wataondoka.

Basi watu waliingia mjini. Maduka ya Wahindi, ofisi za serikali, na hata misheni za Nyabururu na Nyanchwa ziliporwa. Waingereza waliporudi, waliitoza nchi kwa nguvu. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakachukuliwa kwa mara nyingine. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi za Getembe ziliumia kwa vita ambavyo hazikuvianzisha.

Katika miaka iliyofuata wengi walijiunga na dini ya Mumbo, iliyotokea kwa Waluo na kuenea Kisii, ikiahidi kwamba wageni watatoweka. Serikali iliipiga marufuku, na baadhi ya viongozi wake wakapelekwa uhamishoni pwani. Hivyo wapo wazee wa Kisii walioiona bahari wakiwa wafungwa, miaka mingi kabla ya wajukuu wao kwenda Mombasa kwa basi la shule.

NDUGU YA NGOME ZETU

Ikiwa unataka kuona kwa macho yako jinsi ukuta wa mawe wa zamani ulivyokuwa ukiwa mzima, toka Kisii kwa gari, pitia Rongo na Ndhiwa hadi Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori. Kwa Dholuo jina hilo lina maana ya msitu mnene wa kutisha. Safari si ndefu kiasi cha kumaliza siku, ila vumbi lipo.

Hapo utaona kuta zenye urefu wa kati ya mita 1.5 na mita 4.5 kwenda juu, na unene wa takriban mita moja. Zilianza kujengwa karibu na karne ya 16. La kustaajabisha ni kwamba hakuna saruji wala udongo uliotumika kuyashika mawe. Mafundi walipanga ukuta wa nje na ukuta wa ndani, kisha wakajaza katikati kwa mawe madogo, na kila jiwe likalishika jingine. Wanahistoria wanaamini kwamba waanzilishi walikuwa jamii za Kibantu zilizoishi huko kabla ya Waluo, na Waluo walipofika wakazitunza na kuziendeleza.

Milango ni mifupi. Ilinibidi niiname ili niingie, nikaelewa mara moja maana yake. Adui anayeinama hawezi kurusha mkuki, na anayemsubiri ndani ameshasimama wima. Ndani kuna mabaki ya zizi, mahali pa nyumba na sehemu ambako chuma kilifuliwa.

Mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha Thimlich Ohinga kuwa turathi ya ulimwengu, kama ilivyofanya kwa Akka mwaka 2001 na Fort Jesus mwaka 2011. Kwa hiyo ukuta wa wachungaji wa ng'ombe umeketi meza moja na ukuta wa wafalme. Umeketi hapo kwa sababu moja tu: watu wa pale hawakuyabeba mawe yao.

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma nilipoyafikiria njiani tukirudi.

TUFANYE NINI?

Sisemi kwamba baba yangu alikosea. Alihitaji nyumba, alikuwa na watoto sita, na hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba mawe yale yana thamani kuliko msingi. Kosa ni letu sisi tuliosoma, tunaojua tarehe ya kuanguka kwa Akka na hatujui jina la kilima tulichozaliwa.

Kwa familia iliyo jijini inayopanga safari ya Kisii na Nyamira, haya ndiyo mambo ya kuona. Anzeni Kisii mjini. Pitieni mtaa wa Nubia, wanakoishi wajukuu wa askari waliokuja na KAR. Nendeni soko la Daraja Mbili mwone ndizi zikishushwa. Simameni Gusii Stadium mwambie watoto habari za Otenyo na Moraa. Tembeleeni misheni ya Nyabururu, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1910. Siku ya pili pandeni Manga mapema, mkiwa na viatu vyema na sweta, na mtu mwenyeji wa kuwaongoza, kwani jabali halina ukingo na watoto hawana subira. Siku ya tatu nendeni Tabaka mwone jinsi mawe laini ya Kisii yanavyochimbwa na kuchongwa. Mkibakiwa na muda, malizieni Thimlich Ohinga.

Kwa wanafunzi nina ombi jingine. Mkienda kwa nyanya na babu likizo hii, bebeni daftari. Ulizeni jina la kila kilima na kila kijito. Ulizeni egesarate ya ukoo wenu ilikuwa wapi, na nani aliilinda. Andikeni jina la anayewasimulia na tarehe. Kalamu haigharimu sana, na mzee akiondoka huondoka na maktaba nzima.

Sisi tulianza nyumbani. Siku ya mwisho ya likizo tuliingia nyuma ya migomba na panga mbili. Tulifyeka majani ya viazi vitamu kwa uangalifu, mama akitusimamia ili tusiharibu mimea yake. Kufikia saa sita tulikuwa tumeifichua safu ya mawe, hatua kumi na nne hivi, yakiwa bado yameshikana kama alivyoyaacha aliyeyapanga. Binti yangu aliyachora kwenye daftari lake, jiwe kwa jiwe. Kijana wangu alitafuta ubao akaandika kwa rangi nyeusi: ORWAKI. MSIYABEBE MAWE HAYA.

Mama, ambaye hajui kusoma vizuri, aliuliza ni nini kilichoandikwa. Akaambiwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akainua mkono kuonyesha nyumba ya marehemu mumewe.

“Na lile jingine msilisahau,” akasema. “Liko chini ya kitanda changu.”

Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliwataka wanafunzi waandike juu ya ngome moja ya kale nchini. Karibu darasa zima liliandika juu ya Fort Jesus. Binti yangu alipeleka mchoro wake wa hatua kumi na nne.